Kununua SUV ya Petroli Iliyotumika: Injini, Gia na Historia Kabla ya Jina

Familia inayotafuta SUV ya petroli iliyotumika kwa kawaida huanza na jina: RAV4, Harrier, X-Trail, Forester. Jina hilo hutajwa na jirani, na fundi wa mtaani, au na ndugu ambaye gari lake limekwenda miaka sita bila kufunguliwa injini. Mwanzo huo unaeleweka, lakini una kasoro: jina moja hubeba magari yaliyo tofauti kabisa. RAV4 iliyoundwa mwaka 2004 kwa ajili ya soko la Japani na ile iliyoundwa mwaka 2008 zina injini tofauti na gia tofauti, na ubovu wa moja si ubovu wa nyingine. Ndugu aliyelisifu gari lake alisema kweli, ila alisema kweli kuhusu gari lake.

Makala haya yanamlenga mlaji wa Tanzania anayenunua gari lililotoka Japani, awe ameliagiza mwenyewe, amelikuta yadi, au analinunua kwa mtu aliyekwisha kulitumia hapa nchini. Mambo matatu ndiyo yanayoamua kama gari hilo litaitumikia familia au litaifilisi: injini na gia za toleo husika, historia ya gari lenyewe, na hali yake siku linapokaguliwa. Rangi, redio na viti vya ngozi vinaweza kusubiri.

Mahitaji ya familia na hesabu ya mafuta

Kabla ya kutazama gari lolote, mnunuzi aandike mambo mawili: idadi ya watu watakaopanda kila siku na barabara watakayopita. Forester, Escudo, CR-V, Harrier na RAV4 za miaka tunayoizungumzia hapa ni magari ya watu watano. Vanguard, Kluger na Outlander zipo za watu watano na za watu saba, hivyo mnunuzi asiamini tangazo bali afungue mlango wa nyuma na kuhesabu viti. Safu ya tatu katika magari hayo ni ya watoto. Mtu mzima atakayekaa hapo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma atashuka akiwa na malalamiko ya haki, na viti hivyo vikiwa vimefunguliwa, nafasi ya mizigo karibu yote hupotea. Kagua pia mkanda wa kiti cha kati cha nyuma, kwa kuwa katika baadhi ya magari ya zamani ni mkanda wa kiunoni tu, na kiti hicho ndicho ambacho mara nyingi hupewa mtoto.

Mafuta yahesabiwe kwa mwaka mzima. Chukua familia inayotembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litatumia lita 1,200, na linalokwenda kilomita 7 kwa lita litatumia takriban lita 1,714. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, tofauti inazidi shilingi milioni moja na nusu kila mwaka. Mnunuzi anaweza kuirudia hesabu hiyo kwa kutumia bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi. Wanaoagiza gari wenyewe wakumbuke kwamba injini inayozidi cc 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa kiwango cha juu kuliko iliyo chini yake, na kwamba gari kuukuu huongezewa ushuru kwa sababu ya umri wake. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutoa makadirio kabla fedha hazijatumwa, na ni busara kukitumia kabla ya kuipenda picha ya gari.

Kuna hesabu nyingine ambayo wanunuzi wengi huiruka. Familia yenye shilingi milioni 30 isitafute gari la milioni 30. Itafute la milioni 26 au 27, na zinazobaki ziwe za matairi, betri, breki, oili zote na ubovu utakaojitokeza katika miezi mitatu ya kwanza. Gari lililotumika hudai fedha mapema. Mnunuzi aliyemaliza akiba yote yadini ndiye anayelazimika kuendelea kuliendesha huku taa ya hitilafu ikiwaka, na hapo ndipo ubovu mdogo hugeuka kuwa mkubwa.

Kilichomo chini ya boneti

Kila gari lililoundwa Japani lina kibati, aghalabu katika chumba cha injini au kwenye fremu ya mlango, chenye alama ya modeli, namba ya chasisi na, kwa magari mengi, alama ya injini. Alama hiyo ya injini ndiyo itakayomwambia fundi anashughulika na nini. Mnunuzi aipige picha.

RAV4 ya kizazi cha pili, iliyoundwa kati ya mwaka 2000 na 2005, ilikuja kutoka Japani ikiwa na injini ya lita 2.0 yenye alama 1AZ-FSE, inayojulikana kwa mafundi kama D-4. Injini hiyo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Kwa sababu petroli haipiti kwenye vali za kuingizia hewa, haizisafishi, na masizi hujikusanya hapo. Dalili zake ni gari kutetemeka likiwa limesimama, kuzimika kwenye foleni na kuwaka kwa shida. Pampu ya shinikizo kubwa nayo ni ghali. Si kila D-4 ni mbovu, lakini ni injini inayohitaji fundi anayeijua, na mnunuzi anayeishi mbali na fundi wa namna hiyo afikirie mara mbili.

Injini ya lita 2.4 yenye alama 2AZ-FE imo katika RAV4 ya kizazi cha tatu, Vanguard, Harrier na Kluger. Ni injini yenye sifa nzuri, inayotumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Hata hivyo ina madhaifu mawili yanayojulikana. Katika zile za miaka ya mwanzo, nyuzi za matundu ya bolti zinazoshika silinda hedi huweza kulegea ndani ya bloku, maji yakavuja upande wa nyuma wa injini na gari likachemsha. Katika baadhi ya zile zilizoundwa kuanzia karibu mwaka 2006, ringi za pistoni huruhusu oili kuungua. Nchini Marekani, Toyota ililazimika kuongeza muda wa dhamana kwa sababu ya ulaji huo wa oili. Gari la namna hiyo linaweza kwenda miaka mingi iwapo mwenye gari hupima oili kila wiki. Asiyepima huua injini bila kusikia kelele yoyote hadi siku ya mwisho.

Harrier na Kluger za lita 3.0 zina injini ya silinda sita, 1MZ-FE, laini na yenye nguvu, lakini inatumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kwa wakati, na ulaji wake wa mafuta ni ule wa upande mbaya wa hesabu tuliyofanya hapo juu.

Nissan X-Trail ya kwanza, T30, iliyouzwa hadi mwaka 2007, ina injini ya QR20DE na, kwa zile za otomatiki, gia nne za kawaida. Ya pili, T31, ina injini ya MR20DE na gia ya CVT, isipokuwa zile chache za gia za mkono. Watu wengi huyatazama magari hayo mawili kama gari moja lililobadilishwa sura. Kwa mnunuzi wa gari lililotumika, tofauti ya gia ni muhimu kuliko tofauti ya taa na bampa.

Subaru Forester inastahili maneno zaidi kwa kuwa ni gari linalosifiwa na kulaumiwa kwa kiasi kimoja, na pande zote mbili zina sababu. Injini yake ya EJ20 hutumia mkanda wa taimingi. Mkanda huo ukikatika, pistoni na vali hugongana na injini huharibika. Unapaswa kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, hivyo gari linaloonyesha kilomita 95,000 kwa bei nzuri huenda linauzwa kwa sababu hiyo hasa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2010 Forester ya kawaida isiyo na tabo ilipewa injini ya FB20 yenye mnyororo, ingawa baadhi ya injini za familia ya FB za miaka ya mwanzo zililalamikiwa kwa kula oili. Zaidi ya hayo, mfumo wake wa kuvuta magurudumu yote manne unahitaji matairi manne yanayofanana kwa saizi na kwa kiasi cha kulika. Mwenye Forester anayebadilisha tairi moja moja kila anapopata fedha anaiumiza gia boksi bila kujua.

Suzuki Escudo iliyoanza kuuzwa mwaka 2005 haina mvuto wa yadini, lakini kwa familia ya wilayani ni gari linalostahili kutazamwa: injini ya J20A ina mnyororo, gia zake za otomatiki ni za kawaida, na bodi imejengwa pamoja na fremu inayohimili barabara mbovu. Honda CR-V ya mwaka 2006 hadi 2011 ina injini imara ya lita 2.4 na gia tano za otomatiki za kawaida, ila vipuri vyake havipatikani kila mahali kama vya Toyota. Mazda CX-5 ya petroli ya lita 2.0 ina gia sita za otomatiki na hutumia mafuta kwa wastani mzuri; mnunuzi ahakikishe tu kwamba anayouziwa ni ya petroli, kwa kuwa yadini zipo pia za dizeli ambazo matunzo yake ni mengine. Land Cruiser Prado ya petroli ya lita 2.7 ni imara kweli. Bei yake na ulaji wake wa mafuta vinajulikana na kila mtu, na kwa familia inayoishi na kufanya kazi kwenye lami ni vigumu kuitetea.

Gia ya CVT

Gia ya CVT haina gia moja, mbili na tatu. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazobadilisha upana, hivyo gari huongeza mwendo bila kushtuka. Husaidia kupunguza ulaji wa mafuta. Iko kwenye X-Trail T31, kwenye Forester za kuanzia mwishoni mwa 2012, na pia, jambo ambalo huwashangaza wengi, kwenye RAV4 na Vanguard za lita 2.4 zilizouzwa Japani.

CVT huharibiwa na mambo mawili: joto na oili isiyo yake. Kila kiwanda kina oili yake maalumu, ambayo alama yake huandikwa kwenye kitabu cha gari, na oili ya gia za otomatiki za kawaida haiwezi kuwa mbadala. Gereji isiyojua tofauti hiyo inaweza kuiua gia kwa huduma ya asubuhi moja, na mwenye gari akalipishwa kwa huduma hiyo. Matatizo ya CVT yalikuwa makubwa kiasi kwamba Nissan iliongeza dhamana ya gia hizo nchini Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000 kwa magari yake yaliyoundwa kati ya 2003 na 2010.

Kwa hiyo jaribio la dakika tano kuzunguka yadi halitoshi. Gari liendeshwe angalau nusu saa, lipate joto, kisha lipandishwe mlima likiwa na watu ndani. Injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, gari likitetemeka linapoanza kuondoka, au likichelewa kushika unapoweka D au R, liache. Gia ya CVT iliyochoka huweza kupunguza nguvu yenyewe inapochemka, na familia itaugundua ukweli huo ikiwa katikati ya mlima Kitonga, nyuma yake kukiwa na foleni ya malori.

Kusoma historia

Dashibodi inaonyesha kilomita 58,000. Namba hiyo inaweza kubadilishwa, na hubadilishwa. Kinachoisaidia familia ni kwamba gari la Japani huacha kumbukumbu kwenye karatasi.

Gari la abiria nchini Japani hupita ukaguzi wa lazima, unaoitwa shaken, baada ya miaka 3 ya kwanza na kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita zake huandikwa kila mara. Gari linapouzwa nje, hutolewa cheti cha kufuta usajili, ambacho huonyesha mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, namba ya chasisi, alama ya injini na, mara nyingi, kilomita za ukaguzi uliopita. Kama cheti kinasema gari lilikuwa na kilomita 112,000 likiwa bado Japani, mazungumzo na muuzaji yameisha. Nakala ya Kijapani huweza kuandika miaka kwa kalenda ya wafalme wao: mwaka wa Heisei ongeza 1988, mwaka wa Reiwa ongeza 2018. Heisei 20 ni mwaka 2008, Reiwa 3 ni mwaka 2021. Gari lililopitia mnada wa Japani huwa pia na karatasi ya mnada yenye daraja la hali yake. Herufi R katika nafasi ya daraja humaanisha gari limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Muuzaji anayesema karatasi zote zimepotea huenda anasema kweli, ila bei yake ishuke kulingana na upotevu huo.

Tazama pia stika ndogo kwenye fremu ya mlango wa dereva na ndani ya chumba cha injini. Gereji za Japani hubandika hapo tarehe na kilomita za kubadilisha oili au mkanda wa taimingi. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu zinasomeka. Mara nyingi aliyerudisha nyuma namba ya dashibodi amesahau kubandua stika.

Kwa gari lililokwisha kusajiliwa nchini, lipo kosa linalofanywa hata na watu makini. Tunazoea kusema gari ni «namba D» au «namba E» kana kwamba herufi hiyo ni umri. Herufi ya usajili inaonyesha gari liliingia lini kwenye daftari la hapa nchini, haisemi liliundwa lini. Gari la mwaka 2005 lililoingizwa jana lina namba mpya kuliko gari la mwaka 2012 lililoingizwa mapema. Mwaka wa kuundwa husomwa kwenye kadi ya gari na kuthibitishwa kwa namba ya chasisi.

Siku ya ukaguzi

Mnunuzi afike asubuhi na kumwomba muuzaji asiwashe injini kabla. Akikuta boneti lina joto, aulize kwa nini. Aende na fundi anayemlipa yeye mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali atalipwa na dalali gari likiuzwa, na hakuna haja ya kumlaumu kwa kupendelea upande unaomlisha.

Katika nchi yenye joto kama yetu, mfumo wa kupoza injini ndio wa kutazamwa kwanza. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta. Ndani panapaswa kuwa na kimiminika cha kupozea chenye rangi safi, nyekundu, kijani au buluu. Maji ya kahawia yenye kutu yanaonyesha gari limekuwa likijazwa maji ya bomba, na njia za maji zimeanza kuliwa kutoka ndani. Ukiona oili ikielea juu ya maji, au ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili ya injini, gasketi ya silinda hedi inatiliwa shaka. Fundi aulizwe pia kama thamostati ipo. Baadhi ya gereji huiondoa ili gari lisichemshe, jambo ambalo huficha ugonjwa na kuiacha injini ikifanya kazi ikiwa baridi mno, ikila mafuta zaidi na kuchakaa mapema.

Unapogeuza ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa ya hitilafu ya injini na taa ya mifuko ya hewa lazima ziwake, kisha zizime. Taa ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko inayobaki ikiwaka, kwa maana huenda mtu ameikata. Mashine ya kusoma hitilafu ni msaada mkubwa, lakini kumbukumbu iliyofutwa jana usiku haitaonyesha kitu leo asubuhi. Ipimwe baada ya gari kuendeshwa. Moshi wa buluu gari linapoondolewa baada ya kusimama kwa muda ni oili inayoungua.

Mwisho, gari lipandishwe juu na kutazamwa chini. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, huweza kuwa na bodi inayong'aa na mihimili ya chini iliyoliwa na kutu. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini nzima si dalili ya matunzo.

Gari lililoagizwa linapokuwa limepita ukaguzi unaotakiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), hilo ni jambo jema na la lazima. Ukaguzi huo huangalia kama gari linafaa kuwa barabarani. Hauahidi kwamba gia itafika mwaka ujao, na muuzaji asiutumie kama dhamana.

Mifuko ya hewa ya Takata

Sehemu hii isomwe hata na wale ambao tayari wana gari.

Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vijazio vya mifuko ya hewa kwa viwanda vingi vya magari duniani. Vijazio hivyo vilitumia kemikali ya amonia nitrati, ambayo huharibika polepole kwa joto na unyevunyevu. Kijazio kilichoharibika kinapolipuka wakati wa ajali, hata ajali ndogo, ganda lake la chuma hupasuka na vipande vikaruka kumwelekea dereva au abiria. Watu wamekufa kwa namna hiyo katika nchi kadhaa. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa kurekebishwa, wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari, na Takata iliomba kufilisiwa mwaka 2017. Honda ndiyo iliyoathirika zaidi, lakini yamo pia magari ya Toyota, Nissan, Subaru, Mazda, Mitsubishi na mengine.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar ndiyo mazingira hasa yanayoiharibu kemikali hiyo. Pili, kuanzia Mei 2018 Japani iliacha kupitisha kwenye ukaguzi wa shaken magari yenye hatari kubwa ambayo hayajarekebishwa. Gari lililoondoka Japani kabla ya hapo halikukutana na kizuizi hicho.

Kuangalia ni rahisi na hakuna malipo. Viwanda vya Japani vina kurasa za intaneti ambapo mtu huingiza namba ya chasisi na kuonyeshwa kama gari lina wito wa marekebisho ambao haujatekelezwa. Kurasa nyingi ni za Kijapani, na programu ya kutafsiri inatosha kuzielewa. Asiyeweza kufanya hivyo awasiliane na wakala rasmi wa kampuni husika nchini akiwa na namba hiyo mkononi. Kama gari lina wito wa Takata ambao haujatekelezwa, ushauri wetu ni kutolinunua hadi litakaporekebishwa. Na mifuko ya hewa isifunguliwe kamwe na fundi wa mtaani, wala kijazio kutoka gari jingine bovu kisifungwe mahali pake.

Malipo na nyaraka

Anayeagiza mwenyewe alipe kwenye akaunti ya kampuni iliyoandikwa kwenye ankara, kamwe si kwenye akaunti au simu ya mtu binafsi. Anayenunua nchini aione kadi halisi ya gari na kulinganisha namba ya chasisi, namba ya injini na jina la mwenye gari na kitambulisho cha anayeuza. Kauli kwamba kadi «iko benki» humaanisha gari limewekwa dhamana ya mkopo. Malipo yasifanyike hadi benki yenyewe ithibitishe kwa maandishi kwamba deni limekwisha. Madeni ya faini za barabarani huangaliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi. Mkataba wa mauzo uandikwe, ushuhudiwe na wakili, na utaje kilomita, mwaka wa kuundwa na lolote ambalo muuzaji ameahidi kwa mdomo. Umiliki uhamishwe TRA mara moja. Gari linalobaki kwenye jina la mtu mwingine ni mgogoro unaosubiri siku yake, na muuzaji naye yumo hatarini, kwa kuwa faini zitaendelea kumtafuta yeye.

Anayenunua yadini adai risiti ya EFD yenye bei halisi. Risiti ya bei pungufu, inayotolewa kama upendeleo, ndiyo itakayotumika kukokotoa fidia siku ya mgogoro.

Ukidanganywa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, historia au sifa za bidhaa. Kilomita zilizorudishwa nyuma, mwaka wa kuundwa uliobadilishwa na ajali iliyofichwa vinaingia hapo. Maneno «mali ikishauzwa hairudishwi» yaliyochapwa chini ya risiti hayampi mfanyabiashara ruhusa ya kudanganya. Anayenunua kwa mtu binafsi ana ulinzi mwembamba zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuandika kila ahadi katika mkataba.

Mlaji aliyepotoshwa aanze kwa kumwandikia muuzaji, akieleza kasoro na anachodai: kurudishiwa fedha, kutengenezewa au kupunguziwa bei. Asilipeleke gari kufunguliwa kabla fundi huru hajaandika taarifa ya alichokikuta. Muuzaji asipojibu, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani (FCC), yakiambatishwa na nakala za risiti, mkataba, tangazo la gari au picha yake, ujumbe wa simu uliobadilishwa kati ya pande mbili, cheti cha Japani cha kufuta usajili na taarifa ya fundi. Picha ya dashibodi iliyopigwa siku ya kununua, yenye tarehe, iwekwe pamoja na hizo.